Kinanda cha Sauti Tano, cha Kale na cha Leo

Watu wanaopenda muziki wa elektriki wana ugomvi wao usiokwisha: je, sintetiza za zamani zilikuwa na sauti nzuri kuliko hizi zinazotengenezwa leo? Wengine wanasema kwa nguvu kwamba zile za kale zilikuwa na uhai, na hizi za leo ni maiti iliyopambwa. Wengine wanawacheka. Sisi tunapenda kuangalia historia kwanza, kisha kuamua. Wala hatutasema juu ya vyombo vyote. Tutachukua kimoja, Prophet-5, kwa sababu kilizaliwa mara mbili, mwaka 1978 na tena mwaka 2020, na mtengenezaji wake alikuwa mtu yule yule, Dave Smith wa Kalifornia.

Wasomaji wasiojua mashini hizi watuvumilie kidogo. Katika sintetiza ya analogi sauti inazaliwa na elektriki inayotetemeka. Ukiongeza volti, mtetemo unakwenda haraka zaidi na noti inapanda. Kisha sauti inapita katika chujio linalopunguza ukali wake, na mwishoni katika sehemu inayoikuza au kuizima. Robert Moog alitengeneza mashini za namna hiyo tangu mwaka 1964, na Minimoog yake ya mwaka 1970 iliweza kubebwa na mtu mmoja mpaka jukwaani. Lakini ilikuwa na sauti moja tu. Mpigaji akibonyeza noti tatu pamoja, aliisikia moja. Mtu aliyezoea kinanda cha kanisa ataona mara moja umaskini huo.

Ili kupata sauti nyingi, ilibidi kuweka mashini nyingi ndani ya moja. Tom Oberheim alifanya hivyo waziwazi: Four Voice yake ya mwaka 1975 ilikuwa sintetiza ndogo nne katika sanduku moja, na aliyetaka kubadili sauti alizungusha vifungo vya ya kwanza, halafu vya ya pili, hata ya nne. Yamaha nao walileta CS-80, yenye sauti nane na uzito wa karibu kilo 100. Vangelis aliipiga katika muziki wa filamu Blade Runner ya mwaka 1982, nao ni muziki mzuri sana. Lakini tunawahurumia waliopandisha chombo kile ngazini.

Basi, mwezi wa Januari 1978 Smith alionyesha Prophet-5. Prophet maana yake nabii, na safari hii jina halikudanganya. Ndani yake aliweka mikroprosesa, yaani ubongo mdogo wa kompyuta. Ubongo huo ulitazama vidole vya mpigaji na kuzigawia sauti tano noti zao; namna hiyo ya kugawa ilikuwa imebuniwa na Dave Rossum na wenzake wa kampuni ya E-mu. Tena uliweka akiba ya sauti 40. Mpigaji aliyesumbuka usiku kucha kutafuta sauti aliyoipenda, kesho yake aliirudisha kwa kubonyeza mara moja. Kwa sisi tuliozoea vyombo vya kumbukumbu, jambo hili linaonekana dogo. Kwa wapigaji wa wakati ule lilikuwa mwujiza.

Ugonjwa wake ulikuwa joto. Sehemu za ndani zikipata moto, noti inateleza, na sauti tano hazitelezi pamoja. Kwa hiyo Smith aliweka kibonyezo cha kuamuru ubongo usikilize kila sauti na kuirekebisha. Mashini za kwanza kabisa, zisizofika 200, zilijulikana kwa kuharibika. Mwaka 1980 aliacha chipu za SSM, zilizotokana na kazi ya Rossum, akatia zile za Doug Curtis zilizokuwa tulivu zaidi. Kumbe hata leo wako wanaoapa kwamba utamu ulipotea siku ile! Ndiyo kusema, kati ya za kale zenyewe kuna ya kale zaidi inayosifiwa.

Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, ya dijitali, yenye sauti 16, isiyoteleza hata kidogo, kwa bei isiyofika dola 2,000. Prophet-5 ilikuwa na bei karibu mara mbili. Ikaachwa mwaka 1984, baada ya kutengenezwa karibu 6,000, na mwaka 1987 kampuni ya Smith, Sequential, ikaishia mikononi mwa Yamaha. Smith akaanza tena mwaka 2002 kwa jina lake mwenyewe, na mwaka 2015 Yamaha wakamrudishia jina la Sequential. Jambo hilo la heshima si la kila siku katika biashara.

Prophet-5 ya mwaka 2020 ina chujio la Curtis na lile la Rossum pia, mpigaji achague. Inasikia uzito wa kidole. Ile ya kwanza haikusikia. Lakini linalotushangaza ni kifungo kimoja kiitwacho Vintage. Ukikizungusha, sauti tano zinaanza kuachana kidogo kama zile za mwaka 1978. Kosa ambalo Smith alihangaika kulizima alipokuwa kijana, uzeeni alilirudisha kwa makusudi! Nasi hatumcheki. Waimbaji watano wakiimba noti moja, hawalingani kabisa, na kwa sababu hiyo sauti yao ina unene.

Tena wanaolinganisha wasahau si moja. Mashini ya mwaka 1978 tunayoisikia leo ina zaidi ya miaka 40: baadhi ya sehemu zake zimekauka, nyingine zimebadilishwa. Anayeisifu pengine anausifu uzee wake, maana ujana wake hatuwezi kuusikia isipokuwa katika sahani za zamani. Kwa mpigaji anayesafiri kutafuta chakula chake sisi tungechagua mpya, bila haya.

Shaka yetu moja ni fundi. Mashini ya kale ina sehemu kubwa zinazoonekana kwa macho. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na subira anaiponya. Katika nyingi za leo sehemu ni ndogo kama chembe za mchanga, zimebandikwa na mashini, na kikiharibika kimoja mara nyingi ubao mzima unabadilishwa. Leo kampuni ipo na mbao zipo. Smith mwenyewe alikufa tarehe 31 Mei 2022, mwenye miaka 72, na vinanda vyake vya 2020 vitafika umri wa vile vya kwanza mnamo mwaka 2060.