Chanjo na chale

Nomino "chanjo" imetokana na kitenzi "chanja", yaani kukata au kutoja ngozi kwa chale ndogo, na kwa maana hiyo inaeleza barabara alichokifanya tabibu Mwingereza Edward Jenner tarehe 14 Mei 1796, alipomchanja mkononi mtoto James Phipps, mwenye umri wa miaka 8, na kupaka penye mikato usaha wa ndui ya ng'ombe uliotoka katika kidonda cha mkamuaji maziwa, Sarah Nelmes. Katika kuipa chanjo jina, Kilatini kilimtazama ng'ombe, "vacca", na lugha nyingi za Ulaya zikalifuata jina hilo. Kiswahili kilitazama ngozi iliyokatwa, na pengine kiliona vizuri zaidi. Hata matone ya polio, yanayodondoshwa mdomoni mwa mtoto bila wembe wala sindano, huitwa chanjo.