Mgeni Aliyekuja kwa Lori

Nilihamia Michigan kutoka Tanga mwaka 2004. Asubuhi nikienda kazini nilipishana na malori marefu yaliyofunikwa turubai, ambayo wakati wa joto yalitanguliwa na harufu. Jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwanda cha magari, aliyaita kwa neno moja: "Toronto."

Dampo la Keele Valley, lililopokea taka za jiji hilo la Kanada, lilifungwa mwishoni mwa 2002, na tangu hapo taka za Toronto zikawa zinavuka mpaka hadi dampo la Carleton Farms, huko Sumpter, Michigan. Wanasiasa walifoka, lakini mikono yao ilikwisha kufungwa. Mwaka 1978, katika kesi ya Philadelphia dhidi ya New Jersey, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa taka nazo ni bidhaa. Jimbo haliwezi kuzizuia kwa sababu tu ya zilikotoka. Mwaka 1992 Michigan yenyewe ilishindwa kwa hoja hiyohiyo, kwa kuwa sheria yake iliziruhusu kaunti kukataa taka za nje.

Sumpter kwenyewe watu walinung'unika nusunusu. Taka zilizomwagwa ziliacha ada katika mfuko wa mji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka 2006 maseneta wa Michigan walipatana na serikali ya Ontario, jimbo ilipo Toronto, na mwisho wa 2010 taka za manispaa ya Toronto zikakoma. Kilichoshindikana mahakamani kilimalizwa mezani. Hata hivyo, malori ya taka za wafanyabiashara yaliendelea kuvuka, na mzee wangu akaendelea kufunga madirisha.