Umeme na RAM: Historia ya Kompyuta za Mezani Songea

RAM ndiyo kumbukumbu inayoshika kazi ya kompyuta wakati kazi hiyo inaendelea. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea papo hapo. Ndiyo maana historia ya RAM mjini Songea hufuatana na historia ya umeme wake.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa hatua kwa hatua. Kompyuta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1990, Songea ilikuwa nje ya gridi ya taifa na ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2015 iliongezewa umeme wa maji kutoka Tulila, kituo cha megawati 5 kilichojengwa na masista Wabenediktini wa Chipole kwenye Mto Ruvuma. Septemba 2018 ikaunganishwa na gridi kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilometa 250 hivi.

Kabla ya hapo, kuongeza RAM peke yake hakukuweza kumlinda mtumiaji. Umeme ulipokatika, GB 16 zilifutika sawa na MB 256, na kilichosalia ni kile tu kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye diski. UPS, kifaa chenye betri, ilimpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi, lakini kompyuta kubwa huimaliza betri yake upesi.

Umeme wa gridi umezipa nafasi kompyuta kubwa za mtumba, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wachoraji. Mfano ni HP Z420 ya mwaka 2012, ambayo pawa saplai yake hufika wati 600. Madabodi yake ina nafasi 8 za RAM, na ikiwekewa RAM nane za GB 8 hufikia kikomo chake cha GB 64. Inatumia RAM za DDR3; zile za DDR4, zilizoingia sokoni mwaka 2014, haziingii kwa sababu pengo lao liko mahali tofauti. RAM za seva za aina ya RDIMM nazo hukataliwa, ingawa kwa macho hufanana na zake. Prosesa yake husoma RAM kwa njia nne kwa pamoja, hivyo RAM nne zinazolingana huipa kasi kuliko moja kubwa.

Programu nazo zina kikomo. Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4. GB za ziada hukaa bure mpaka iwekwe ya biti 64. Tena, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za kizazi cha Z420. Linux hupokea mashine hizo bila sharti hilo, na RAM iliyoongezwa huendelea kufanya kazi.