Mpelelezi na Dola katika Riwaya ya Kiswahili
Kiswahili kilifika Unyamwezi pamoja na misafara ya karne ya 19. Kwa msomaji wa Puge, wilayani Nzega, riwaya ya upelelezi nayo ni mgeni kutoka pwani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa kiko na mantiki ya Sherlock Holmes, bila cheo serikalini. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliukabidhi uchunguzi kwa Inspekta Wingo. Hatua nzito zaidi ni ya Elvis Musiba: Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) ni jasusi wa dola, na nyaraka anazozisaka zinahusu ukombozi wa Afrika. Bwana Msa hushuku hata mizimu. Gamba haishuku serikali inayomtuma. Kuiita kazi hiyo “pendwa” tu, kama walivyozoea baadhi ya wahakiki, ni kuifumbia macho siasa yake.