Matembezi ya Watoto Wadogo Miteremkoni mwa Kilimanjaro: Hoja ya Kuanzia Kihambani

Utangulizi

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya familia zinazorudi nyumbani kwa Krismasi na Mwaka Mpya. Wenyewe husema wanakwenda kuhesabiwa. Ndani ya magari hayo wamo watoto wa miaka mitatu, minne, sita, ambao mlima wanaujua kwa picha ya kilele chenye theluji. Wakishafika, siku nyingi huishia uani: nyama inachomwa, wakubwa wanakunywa mbege, wadogo wanatazama katuni. Ikipatikana siku ya matembezi, gari huelekezwa kwenye lango la Marangu au maporomoko ya Materuni, picha zinapigwa, safari ya kurudi inaanza.

Makala haya yanadai kwamba mtoto mdogo hahitaji kupelekwa mbali wala juu ili ayajue mazingira ya asili. Anahitaji kuongozwa na mtu anayeifahamu ardhi ile, kwa mwendo wa miguu yake mwenyewe, kuanzia kihambani, yaani shambani nyumbani.

Kilele hakiwezi kuwa kipimo

Tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, habari za Kilimanjaro zimekuwa habari za kupanda. Utalii umeukuza mtazamo huo, na wazazi nao wameurithi: matembezi mazuri ni yale yaliyofika juu zaidi.

Kwa mtoto, kipimo hicho kina hatari. Taratibu za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kupanda hadi kilele cha mita 5,895, na busara yake ni ya kitabibu. Ugonjwa wa mwinuko huweza kujitokeza kuanzia mita 2,500 hivi, na mtoto asiyejua kueleza kwamba kichwa kinamgonga au tumbo linamchafuka anaweza kuchelewa kugunduliwa. Kituo cha Mandara, kinachofikika kwa safari ya siku moja, kiko mita 2,720, mwendo wa kilomita zipatazo 8 kutoka lango la Marangu. Mtoto wa miaka tisa mwenye afya ataifurahia njia hiyo. Wa miaka minne ataimaliza akiwa amelala mgongoni mwa baba yake.

Kihamba na mfongo

Chini ya msitu kuna ukanda ambao kwa umri huo una mengi zaidi ya kufundisha. Kihamba cha Mchagga ni shamba lenye tabaka: juu mringaringa na mruka, kati migomba, chini yake kahawa, na ardhini magimbi. Vyote hivi viko ndani ya hatua chache, na vingine viko usawa wa macho ya mtoto. Kinyonga yuko kwenye tawi la kahawa. Isale limepandwa mpakani, na babu anaweza kueleza hapohapo kwamba jani lake hupelekwa kwa jirani mtu anapokwenda kuomba msamaha.

Kisha kuna mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuyatoa maji mtoni na kuyaleta mashambani kwa mteremko tu. Mtoto akiufuata kuelekea yanakotoka maji, swali litakuja lenyewe: yanaanzia wapi? Jibu linamfikisha ukingoni mwa msitu unaonasa mvua na ukungu, makazi ya mbega, na humo humo mlimani ambamo mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa wameupata mti wa asili mrefu kuliko yote Afrika, wenye mita 81.5. Mtoto aliyefika hapo kwa kufuata maji ameelewa uhusiano wa msitu, mto na ndizi iliyo kwenye sahani yake.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule inamfanya mwanafunzi aamini kuwa maarifa yote yenye thamani yako vitabuni, na kuyadharau ya wazee. Onyo hilo linaihusu pia familia inayomlipa kiongozi wa watalii ilhali bibi, anayeujua kila mfongo, ameachwa jikoni.

Pingamizi

Yapo mapingamizi matatu ya haki. La kwanza, watoto wa zamani waliujua msitu kwa sababu ya kazi: kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, kubeba kuni. Ni kweli, na kazi zile zilichosha. Tunachotetea ni maarifa yaliyoambatana nazo.

La pili ni usalama. Makorongo yana utelezi, mito ina nguvu baada ya mvua, siafu na nyuki wapo. Kwa hiyo mwenyeji atangulie, mtoto ashikwe mkono karibu na maji, na safari ianze asubuhi kabla mawingu hayajatanda. Ziwa Chala, lenye kingo kali za kreta, lisubiri akue.

La tatu ni zito zaidi: si kila familia ina msitu au kihamba cha kuingia. Mwaka 2005 msitu wa akiba uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na tangu hapo familia inayoishi kando yake haiingii inavyotaka. Vilevile, wapo watoto wa Moshi mjini ambao wazazi wao ni wapangaji wasio na kihamba. Msitu wa Rau, ulio tambarare na jirani na mji, unawafaa hawa. Kwa wale wa juu, hifadhi na serikali za vijiji zinaweza kutenga njia fupi za watoto kwenye kingo za msitu, zikiongozwa na wanakijiji wenyewe.

Hitimisho

Ulinzi wa msitu wa Kilimanjaro utategemea watu walioupenda tangu utotoni, na hakuna anayependa asichokijua. Walimu wa elimu ya awali wa Moshi wautumie mfongo ulio karibu kama darasa. Wazazi wanaokuja kuhesabiwa Desemba watenge angalau asubuhi moja, wazime simu, wamwachie babu au bibi atangulie na wajukuu, nao wafuate nyuma wakisikiliza.