Jikoni Mwa Mkutano: Wenyeji wa Kongamano la Umajumui wa Afrika, Manchester 1945

Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika katika jiji la Manchester, kaskazini mwa Uingereza, kuanzia tarehe 15 hadi 21 Oktoba 1945, umepata nafasi kubwa katika vitabu vya historia kwa sababu ya majina ya baadhi ya waliohudhuria, ambao baadaye walikuja kuongoza nchi zao: Kwame Nkrumah wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Jomo Kenyatta wa Kenya, na Hastings Banda wa Nyasaland, yaani Malawi ya sasa. Umajumui wa Afrika ni fikra kwamba watu wenye asili ya Afrika, wawe barani au ughaibuni, wamefungwa na historia moja, na kwa hiyo hawana budi kupigania haki zao kwa pamoja. Yaliyosemwa katika mkutano huo yamechambuliwa mara nyingi. Jinsi mkutano wenyewe ulivyowezekana ni habari iliyoandikwa kwa uchache, ingawa haukuwa na serikali ya kuutegemeza wala chama chenye hazina, na wajumbe walilishwa, wakapata pa kulala na kupewa karatasi za ajenda kwa jasho la watu wachache waliojitolea. Kazi ya watu hao inastahili kuhesabiwa kuwa ni siasa kamili, kwa kuwa bila ya hiyo hakuna azimio hata moja ambalo lingepitishwa.

Desturi ya kuendesha mikutano ya namna hii kwa kujitolea ilikuwa na mizizi tayari. Mwaka 1900 Henry Sylvester Williams, mwanasheria kutoka Trinidad, aliitisha mkutano wa kwanza wa aina hiyo mjini London, na kuanzia mwaka 1919 msomi Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois akaitisha mfululizo wa mikutano ambayo ndiyo iliyohesabiwa hadi kufikia huo wa tano. Mkutano wa nne, uliofanyika New York mwaka 1927, haungefanyika lau si wanawake Weusi wa jiji hilo, ambao chini ya uongozi wa Addie Hunton walichangisha fedha na kuubeba mzigo wa maandalizi. Hata hivyo historia iliyozoeleka humtaja Du Bois peke yake, na jina la Hunton huonekana pale tu mwandishi anapojisumbua kuuliza ni nani aliyelipia ukumbi. Baada ya hapo mikutano ilikatika kwa miaka 18.

Nafasi ya kuifufua ilipatikana mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 vyama kadhaa vya Waafrika na watu wa Visiwa vya Karibi waliokuwa Uingereza viliungana Manchester na kuunda Shirikisho la Umajumui wa Afrika, mwenyekiti wake akiwa Dakta Peter Milliard, tabibu mzaliwa wa Guyana aliyekuwa akitibu wagonjwa jijini humo. Mwaka uliofuata wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi kutoka makoloni walialikwa Ulaya kuhudhuria vikao vya kuunda shirikisho la dunia la vyama hivyo, kwanza London mwezi Februari, kisha Paris kuelekea Oktoba, na gharama za safari zao zilikuwa zimekwisha kubebwa. Waandaaji waliliona jambo hilo upesi: iwapo mkutano wao ungeitishwa mara baada ya kikao cha Paris, wajumbe kutoka Afrika Magharibi na Karibi wangepatikana bila ya kulipiwa nauli ya meli. Mtu asiye na fedha hupanga ratiba yake kwa kufuata safari za wenye fedha, na tarehe za Oktoba 1945 zilichaguliwa kwa hesabu hiyo.

Barua za mwaliko ziliandikwa London, katika nyumba ndogo ya kupanga iliyokuwa namba 22, mtaa wa Cranleigh, alikokuwa akiishi George Padmore, mwandishi na mwanaharakati kutoka Trinidad, pamoja na mwenzake Dorothy Pizer. Nkrumah, aliyekuwa amefika kutoka Marekani katikati ya mwaka huo na kupokewa na Padmore, aliteuliwa kuwa katibu mwenza pamoja naye, ilhali Kenyatta alikuwa katibu msaidizi. Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1957, Nkrumah anaeleza jinsi walivyofanya kazi usiku na mchana katika jiko dogo la nyumba hiyo, meza ya mbao ikiwa imefunikwa kabisa na makaratasi, buli la chai likisahauliwa hadi saa nyingi zikapita, na Padmore akipiga taipu kwa kasi ya ajabu. Mamia ya barua yalitoka katika jiko hilo kwenda kwa vyama vya siasa, vya wakulima na vya wafanyakazi barani Afrika na Karibi, kueleza madhumuni ya mkutano na kuomba maoni kuhusu ajenda.

Katika picha hiyo ya jikoni yupo mtu ambaye wasimulizi wengi humpita. Dorothy Pizer alikuwa Mwingereza aliyeujua ukatibu kama taaluma, na kwa miaka mingi ndiye aliyeitayarisha miswada ya Padmore kwa wachapishaji, akahariri, akapika na kuwakaribisha wageni wa kisiasa waliokuwa hawaishi kupita katika nyumba hiyo. Kitabu cha Padmore kuhusu jinsi Urusi ilivyobadili himaya yake, kilichotoka mwaka 1946, kinamtaja waziwazi kuwa mshirika katika uandishi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake waliofanya kazi kama yake. Harakati iliyokusudia kuangusha dola iliendeshwa kwa mashine moja ya taipu na kwa stempu zilizonunuliwa kutoka mfukoni, na yeyote aliyewahi kuwa katibu wa chama, cha kijiji au cha kimataifa, anajua ni saa ngapi za maisha ya mtu humezwa na kazi ambayo matokeo yake hayaonekani ila pale inapokosa kufanywa.

Lakini barua huita watu tu. Wakishafika hawana budi kula na kulala. Awali ilikuwa imefikiriwa kwamba mkutano ufanyike Paris, na London nayo ingeonekana kuwa chaguo la kawaida zaidi kuliko Manchester. Sehemu kubwa ya sababu za Manchester kuchaguliwa ni mtu mmoja, Ras Makonnen, mmoja wa viongozi wa shirikisho. Mtu huyu alizaliwa Guyana kwa jina la George Thomas Nathaniel Griffith, akajipa jina la Kihabeshi mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia, akasoma Denmark na kufukuzwa huko baada ya kudai kwamba haradali ya nchi hiyo ilikuwa ikiuzwa Italia kutengenezea gesi ya sumu, hatimaye akahamia Uingereza mwaka 1937. Aliposhika uhazini wa chama kilicholitangulia shirikisho, kazi yake ilikuwa kuuza majarida mikutanoni na kuomba michango, na hapo alijifunza kwamba chama kinachoishi kwa michango tu hakina uhakika wa kesho. Alipokwenda Manchester alijiandikisha chuo kikuu kusoma historia, kisha akafungua mkahawa wa chai katika eneo la Oxford Road, karibu na chuo, na miaka ya vita ilipokuwa ikiendelea akaongeza mikahawa mingine, mmojawapo ukiitwa Cosmopolitan.

Wateja wake hawakukosekana. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya askari Weusi wa Marekani waliletwa Uingereza wakiwa katika jeshi lililowatenga kwa rangi, na katika mikahawa ya Makonnen walipata mahali pa kukaa bila ya kutazamwa vibaya, pamoja na wanafunzi, mabaharia na Waingereza wasioukubali ubaguzi. Faida iliyopatikana hakuitumia kujitajirisha. Iliendesha shirikisho, ikawalipia mawakili watu Weusi waliofikishwa mahakamani, ikachapisha vijitabu, na mwaka 1945 ikawa ndiyo tegemeo kuu la mkutano.

Hapa inafaa kueleza hali ya chakula ilivyokuwa, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uzito wa mchango huo. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza bado ilikuwa katika mgao, yaani utaratibu wa serikali wa kumpa kila mkazi kitabu cha kuponi na kumwekea kiwango cha nyama, sukari, siagi na chai anachoruhusiwa kununua kila wiki. Familia ambayo ingetaka kuwalisha wageni watatu kwa siku saba ingelazimika kugawana nao posho yake yenyewe. Mikahawa iliwekwa katika utaratibu tofauti: ilipewa fungu lake la vyakula, mteja hakutoa kuponi, na kwa amri ya mwaka 1942 mlo haukuruhusiwa kuzidi shilingi 5 wala kuwa na zaidi ya vyakula vya awamu tatu. Mwenye mkahawa alikuwa na njia halali ya kulisha umati, na katika Uingereza nzima hapakuwa na watu Weusi wengi wa harakati waliokuwa na njia hiyo. Wajumbe wa Manchester, wanaokadiriwa kuwa karibu 90 mbali na watazamaji, walilishwa kutoka katika majiko ya Makonnen. Wapishi na wahudumu waliobeba sahani wiki hiyo hawakuandikwa majina popote panapojulikana, nao ndio pengo kubwa kuliko yote katika kumbukumbu za mkutano huu.

Malazi yalikuwa tatizo la namna nyingine. Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria iliyokataza mwenye hoteli kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi yake. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi ilipitishwa mwaka 1965. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, aliyekuwa akiitumikia serikali ya Uingereza, alikataliwa kukaa na familia yake katika hoteli moja ya London, na ingawa alishinda kesi mwaka uliofuata, alishinda kwa kanuni ya zamani ya wajibu wa wenye nyumba za wageni, akalipwa fidia ndogo tu. Ikiwa mtu mwenye jina kubwa kama hilo aliweza kufungiwa mlango, kiongozi wa wafanyakazi asiyejulikana kutoka Sierra Leone au Gambia hakuwa na sababu ya kutumaini mapokezi mema. Kuwapo kwa mwenyeji aliyekwisha kuizoea Manchester, na kwa jamii ya watu Weusi iliyokuwa imejikita katika vitongoji vyake, kulimwondolea mjumbe fedheha ya kuzunguka na sanduku kutoka mlango hadi mlango.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa halmashauri wa Chorlton-on-Medlock, jengo la karne ya 19 ambalo leo limebaki uso wake wa mbele tu. Ukutani zilitundikwa bendera za Haiti, Liberia na Ethiopia, nchi tatu za watu Weusi zilizokuwa na dola zao wakati huo. Amy Ashwood Garvey, mwanaharakati kutoka Jamaica, aliongoza kikao cha siku ya kwanza, na yeye naye alikuwa mtu wa ukarimu wa kazi ile ile, kwa kuwa miaka ya 1930 aliendesha mkahawa na klabu mjini London ambavyo vilikuwa kituo cha wanaharakati wa Kiafrika. Kikao cha Visiwa vya Karibi kilipofika, aliwakumbusha wajumbe kwamba hali ya mwanamke Mweusi ilikuwa imesahauliwa katika mijadala yao. Mbali naye, mwanamke mwingine aliyesikika ni Alma La Badie, pia wa Jamaica. Kenyatta aliwasilisha hali ya Afrika Mashariki, Du Bois, mwenye umri wa miaka 77, akaliongoza kongamano kwa heshima ya mwasisi, na jarida la Picture Post likamtuma mpigapicha John Deakin, ambaye picha zake ndizo zinazorudiwa vitabuni hadi leo.

Kazi ya kujitolea haikuisha wageni walipoaga. Kumbukumbu za vikao zilikusanywa na kuhaririwa na Padmore, zikachapishwa Manchester mwaka 1947, mwaka ule ule ambao Makonnen alianzisha jarida la *Pan-Africa*. Bila ya kijitabu hicho wanahistoria wangekuwa na picha za Deakin na kumbukumbu za wazee tu.

Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957, Makonnen alihamia Accra, na kazi aliyopewa huko ilifanana sana na ile ya Manchester: alisimamia kituo kilichowapokea na kuwalaza wapigania uhuru waliokuwa wakiwasili kutoka kila pembe ya bara, katika miaka ambayo Mkutano wa Watu Wote wa Afrika wa Desemba 1958, ulioongozwa na Tom Mboya wa Kenya na kuhudhuriwa na Patrice Lumumba wa Kongo, uliufanya mji huo kuwa kituo cha harakati. Tofauti ni kwamba sasa hazina ya taifa ililipa. Jeshi lilipompindua Nkrumah mwaka 1966, Makonnen alifungwa gerezani, na ni Kenyatta, wakati huo rais wa Kenya, aliyeingilia kati hadi akaachiliwa na kupata makao Nairobi, akafanya kazi katika wizara ya utalii. Masimulizi yake yalirekodiwa na mwanahistoria Kenneth King na kuchapishwa mwaka 1973 chini ya jina la *Pan-Africanism from Within*, na ni kwa sababu ya kitabu hicho kwamba habari za mikahawa na malazi zinajulikana kwa kiasi zinavyojulikana. Mkutano wa Sita ulipofunguliwa na Julius Nyerere katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwezi Juni 1974, wajumbe wengi walikuja wakiwa wawakilishi wa serikali, wakipokewa na serikali, ingawa ofisi ya katibu mkuu, Courtland Cox kutoka Marekani, iliwategemea pia vijana waliovuka bahari kwa hiari yao kuja kuandaa. Makonnen alikuwa bado hai wakati huo. Alifariki Nairobi mwaka 1983.