Tangu mwaka wa Feisal: historia ya ubishi wa mpira katika baraza za Lamu

Mwaka 1965, msimu wa tatu wa ligi ya taifa ya Kenya, Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa. Tangu hapo kombe limekaa Nairobi miaka mingi, likaenda Nakuru, likaenda Naivasha, likafika hata Awendo kwenye mashamba ya miwa. Pwani halijarudi. Bandari ya Mombasa ilimaliza ya pili mwaka 2018, ikamaliza ya pili tena 2019, na pale palipobaki hatua moja ndipo wazee wa Lamu walipopata sababu mpya ya kuitaja Feisal. Kijana akisifu kikosi cha leo, mzee humuuliza swali moja tu: kimechukua nini?

Lamu si mji wa timu kubwa. Ni mji wa watu wanaojua timu kubwa zilivyokuwa, zilivyoanguka na nani alaumiwe, na elimu hiyo haimo katika vitabu. Imo katika baraza, yale mabenchi ya mawe na chokaa yaliyojengwa mbele ya nyumba na misikiti, na katika uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Baada ya swala ya alasiri watu huanza kukusanyika. Muuza kahawa huja na dele lake la shaba, makaa chini yake, na vikombe vidogo visivyo na mkono anavyovigonganisha kutangaza kwamba amefika. Mtu hupokea kikombe bila kukata maneno yake, akanywa kwa mafunda mawili, akarudisha, akaendelea pale pale alipoachia.

Ubishi huu una taratibu zake. Haitoshi kusema fulani alikuwa beki mzuri. Utaulizwa alicheza mwaka gani, uwanja gani, nani alikuwa langoni siku hiyo, na nani mwingine alikuwepo akaona. Ukikosea jina la mfungaji, mtu mzima atakusahihisha kwa upole, "La, mwanangu, huyo alikuwa benchi," na hoja yako yote imekwisha. Kijana humwita aliyemzidi umri mzee au ami hata anapompinga vikali, na mzee naye hawezi kushinda kwa umri peke yake. Ni lazima alete ushahidi.

Taratibu hizi hazikuanza na mpira. Mji wa Lamu una pande mbili, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini, na kwa karne kadhaa pande hizo zimeshindana kwa kila kilichoweza kushindaniwa. Kabla ya vita vya Shela, mnamo 1812 au 1813, Lamu na Mombasa zilikuwa zimekwisha kupigana kwa mashairi. Upande wa Mombasa alikuwepo Muyaka bin Haji, upande wa Lamu akawepo Bwana Zahidi Mngumi, na shairi lililotoka mji mmoja lilijibiwa kutoka mji wa pili. Vita vyenyewe vilipofika ufukweni, jeshi la Wamazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa Pate lilishindwa, na masimulizi yanasema vyombo vyao vilikuwa vimekwama mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Ushindi ule husimuliwa Lamu hadi leo kwa undani wa mtu anayesimulia fainali: nani alisimama wapi, maji yalikuwaje, adui alikosea nini.

Baadaye ikaja beni. Ngoma hii ya magwaride, tarumbeta na vyeo vya kifalme ilizuka pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea mpaka Tanganyika na mbali zaidi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na Lamu ina nafasi yake katika kitabu hicho. Vyama vya ngoma vilifuata mgawanyiko wa mji. Upande mmoja ukishona sare, wa pili hushona zilizo bora. Huku wakichinja, kule huchinja zaidi. Watu walitumia mali ambayo hawakuwa nayo ili upande wao usisemwe. Ninaposikia kijana wa Langoni akibishana na wa Mkomani kuhusu timu mbili za Uingereza, nasikia mashindano yale yale yaliyobadilisha nguo. Wanaosema mapenzi ya mpira yaliletwa Lamu na televisheni hawajautazama mji huu vizuri. Televisheni ilikuta moto unawaka.

Mpira wenyewe uliingia pwani yetu kwa milango miwili. Zanzibar uliingia kupitia shule ya wamisionari ya Kiungani na wafanyakazi wa kampuni ya simu ya baharini, na kufikia miaka ya 1920 Unguja ilikuwa na ligi yake. Laura Fair, aliyeandika historia ya starehe za Wazanzibari, ameonyesha jinsi wakazi wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja walivyoufanya mpira kuwa mahali pa kumshinda mtawala mbele ya macho ya watu wote, na jinsi mechi ilivyoendelea kuchezwa upya barazani baada ya kipenga cha mwisho. Mlango wa pili ulikuwa Mombasa, mji wa reli, bandari na shule. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Tanganyika na Zanzibar zikaingia katika miaka ya 1940. Lamu ilikuwa na jamaa pande zote mbili. Jahazi lililoleta nazi na habari za harusi lilileta pia habari za mpira.

Baada ya uhuru kazi hiyo ikachukuliwa na redio, na hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa na mtoto wa James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964. Kwa miongo kadhaa sauti yake ilikuwa macho ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wa Nairobi. Kutoka kusini mawimbi yalileta Redio Tanzania Dar es Salaam, na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Ndiyo maana visiwani mtu anaweza kuwa na msimamo mkali kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards, na palepale akawa na msimamo mkali zaidi kuhusu Simba na Yanga, ilhali hana kadi ya chama chochote kati ya hivyo vinne.

Tazama basi ubishi kuhusu Joe Kadenge, mshambuliaji wa Kenya wa miaka ya 1960 aliyefariki Julai 2019. Maneno "Kadenge na mpira" yameingia katika lugha, yanatamkwa na watoto wasiojua Kadenge alikuwa nani. Wazee wa Lamu wanaomweka juu ya wachezaji wote wa Kenya wengi wao hawakumwona hata siku moja akigusa mpira. Walimsikia. Chenga zake walizijenga wenyewe vichwani kutokana na mwendo wa sauti ya mtangazaji, inavyopanda, inavyokatika, inavyolipuka. Kijana anayemtetea Victor Wanyama ana picha mkononi: usiku wa tarehe 7 Novemba 2012 huko Glasgow, Celtic dhidi ya Barcelona, Wanyama anaruka na kufunga kwa kichwa, Celtic wanashinda 2-1. Atamwongeza na kaka yake, McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Mzee ana sauti, kijana ana video. Watalinganishaje?

Mimi nipo upande wa kijana kwa ushahidi, na upande wa mzee kwa jambo moja analolishikilia: Kadenge alicheza hapa, mbele ya watu wake, na watu wake walijua thamani yake bila kuambiwa na Ulaya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kipimo cha mchezaji hakiwezi kuwa bei aliyouzwa peke yake. Kwa kipimo hicho Mahmoud Abbas, kipa aliyeitwa "Kenya One", aliyelinda lango enzi Kenya ilipochukua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, anastahili kutajwa mara nyingi kuliko anavyotajwa.

Mechi nyingine hugawa nyoyo za watu. Desemba 2017, katika fainali ya CECAFA mjini Machakos, Kenya ilitoka sare ya 2-2 na Zanzibar, ikashinda kwa penalti. Mtu wa Lamu mwenye shangazi Unguja aliitazama mechi ile kwa raha na uchungu pamoja, na sioni kwamba alikosea.

Televisheni ya setilaiti ilipoenea, kuanzia miaka ya 1990, baraza ilihamia ndani usiku. Kwa miaka mingi Lamu ilitegemea jenereta za dizeli, na umeme ukikatika dakika ya 80 ukumbi mzima ulitoka nje kubishana juu ya dakika 10 ambazo hakuna aliyeziona. Lakini kuna usiku ambao hauna ubishi wowote. Jumapili, tarehe 15 Juni 2014, watu wa Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti hii, walikuwa wamekaa hotelini na kumbini wakifuata Kombe la Dunia la Brazil pale washambuliaji wenye bunduki walipoingia mjini. Katika usiku ule na siku zilizofuata, hapo na vijiji jirani, waliuawa zaidi ya watu 60. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima, ikarefushwa mwezi baada ya mwezi. Wavuvi walizuiwa kuvua usiku. Mechi za usiku za Ulaya zilichezwa bila Lamu. Waliokuwa na uwezo walizitazama majumbani, wengine wakasubiri asubuhi kuulizana matokeo. Sitaki mtu aandike historia ya mashabiki wa kaunti hii akaruka mwaka huo. Waliokufa wakiwa mbele ya televisheni Mpeketoni walikuwa mashabiki kama sisi.

Sasa nije kwenye suala linalowaumiza wenyeji zaidi, nalo ni nani anacheza na anachezea nani. Mpira wa visiwani huchezwa kwenye mchanga maji yakipwa, Shela na kwingineko, watoto miguu mitupu, mstari wa goli ukifutwa na maji yanapojaa. Timu inayotoka Faza au Kizingitini kuja kucheza mjini husafiri kwa mashua, na nahodha wa mashua ana neno kubwa kuliko refa, kwa sababu maji yakishuka katika mikondo ya huko hakuna safari. Katika mazingira hayo wanatokea vijana wenye kipaji, na kila mwenye kipaji jibu lake ni moja: aende Mombasa. Akifanikiwa Mombasa, aende Nairobi. Majina yao yakichapishwa, huandikwa chini ya timu ya mji mwingine.

Wamarekani, katika mpira wao wa mikono na kofia ngumu, tangu 1936 wana utaratibu ambao timu iliyofanya vibaya zaidi hupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya, ili mnyonge ainuke. Mashabiki wao hubishana miezi mizima kuhusu timu inahitaji nini: beki, mkimbiaji, mrushaji. Kwetu mambo yako kinyume. Dirisha la usajili likifunguliwa, mwenye fedha huchagua kwanza, naye mnyonge hupoteza kwanza. Visiwa vya Lamu viko mwisho wa foleni hiyo. Baraza za Lamu zinajua vizuri kabisa Arsenal inahitaji nini safu ya mbele, ila swali la timu za Lamu zinahitaji nini huulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu kila mmoja anajua jibu: viatu, nauli ya mashua, uwanja wenye nyasi na mtu wa kuja kuwatazama vijana.

Mtu huyo angeweza kuja kwa urahisi kuliko zamani. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, nayo inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, mmiliki wa Bandari FC. Timu iliyotwaa kombe la shirikisho la soka la Kenya mwaka 2015 na 2019 sasa ina ofisi ya mmiliki wake katika maji ya Lamu. Kuweka hapa kituo cha kulea vijana si hisani. Ni kuwalipa wenyeji sehemu ndogo ya bahari waliyoitoa.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Wanaokumbuka Lamu iliposikiliza mwaka wa Feisal wamepungua sana. Magazeti ya Nairobi hayakuandika mashindano ya Mkomani na Langoni, wala vikosi vya Faza, Siyu na Kizingitini, na hayatarudi nyuma kuyaandika. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, leo ni makumbusho yenye nafasi ya kutosha kwa picha za timu zetu. Wewe mwenye simu, kaa na babu yako jioni hii umrekodi akikutajia kikosi kizima, kipa hadi winga wa kushoto, na mwaka. Wewe mwenye picha ya timu iliyotundikwa ukutani kwenu, andika majina nyuma yake kabla ya kumkosa wa kumuuliza, kisha upeleke nakala Ngomeni.